Bakapu ya Raspberry Pi imegoma kurudi kwenye memori kadi? Soma hii kabla hujaiflashi tena

Wakuu, hii nawaandikia nyie wenye Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo inayowaka kwa memori kadi) inayofanya kazi ya maana mahali, iwe seva ya Kolibri shuleni (masomo bila intaneti), Kiwix ya maktaba (Wikipedia bila intaneti), au ile inayoendesha kamera za dukani, kwa sababu ipo siku kadi itakufa tu, umeme utakatika vibaya au kadi itachoka yenyewe, na siku hiyo utafungua laptopu kutafuta ile imeji (nakala ya kadi nzima kwenye faili moja) uliyoihifadhi miezi sita iliyopita ukiwa na amani kabisa, si bakapu ninayo. Halafu bakapu inagoma kurudi.

Mi yamenikuta. Pi 3 ya shule moja ninayoisaidia, kadi ya 16GB imekufa, nikanunua nyingine ya 16GB, nikakaa jioni naandika imeji kwa dd (komandi ya Linux ya kukopi diski nzima), inakwenda vizuri tu karibu nusu saa, mwishoni kabisa inakata:

dd: error writing '/dev/sdb': No space left on device

Nikafuta kadi nikaanza upya, ikakata. Nikaazima kadi rida ya jirani nikaanza tena, ikakata, na hapo ni saa tano usiku na kesho yake saa mbili asubuhi watoto wana kipindi cha kompyuta. Baada ya mara ya tatu ndo nikatulia nikasoma ile namba ya baiti inayobaki kwenye skrini: 15523119104. Nikapandisha juu kuangalia jaribio la pili, 15523119104. La kwanza kabisa, 15523119104. Kitu kinachokufa kwa bahati mbaya hakifi kwenye baiti ile ile mara tatu.

Kwahiyo jambo la kwanza, na ndo kubwa kuliko yote nitakayosema hapa: usiandike tena kabla hujasoma umekwamia wapi. Ikikwama pale pale kila mara na ujumbe ni wa nafasi, tatizo ni ukubwa wa kadi. Ikikwama mahali tofauti tofauti, mara dakika ya pili mara dakika ya kumi, na ujumbe ni Input/output error, shika kadi rida, poti ya USB au adapta. Ikikwama pale pale ila ujumbe ni Input/output error, kadi ina sehemu mbovu. Na ikimaliza bila kulalamika lakini Pi haiwaki, hilo ni jambo jingine kabisa, nitalifikia chini.

Kadi mbili za 16GB hazilingani

Imeji unayoitoa kwa dd au Win32 Disk Imager sio mkusanyiko wa mafaili, ni kadi nzima baiti kwa baiti, pamoja na jedwali la partisheni (orodha ya vyumba vilivyogawanywa kwenye kadi) na nafasi tupu yote. Kama kadi ya zamani ilikuwa na baiti 15931539456 basi imeji ina baiti 15931539456 hata kama ndani ulitumia GB 9 tu. Sasa ile namba "16GB" iliyoandikwa mgongoni mwa kadi ni jina la daraja tu, kila kiwanda kina hesabu yake, na hata kiwanda kimoja toleo la mwaka huu linaweza kupungua kidogo kuliko la mwaka jana. Kadi yangu iliyokufa ilikuwa na sekta 31116288, mpya ilikuwa na sekta 30318592, kila sekta baiti 512. Piga hesabu, zinapungua kama megabaiti 408. Zote mbili dukani zinaitwa 16GB na zote mbili ni halali, hakuna aliyeniibia.

Kwahiyo kabla ya yote pima hivi viwili. Kwanza jua kadi yako inaitwaje kwenye kompyuta, andika lsblk kabla hujaichomeka, ichomeke, andika tena, kilichoongezeka ndo kadi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,MOUNTPOINT

Mifano yote hapa nimeandika /dev/sdb, kwako inaweza kuwa sdc au mmcblk0, tafadhali sana usikopi kwa mazoea. Ukikosea herufi moja unafuta hadidiski ya laptopu yako na dd haikuulizi una uhakika au vipi, inaanza kazi hapo hapo. Halafu:

sudo blockdev --getsize64 /dev/sdb
stat -c %s pi.img

Namba ya juu (kadi) ikiwa sawa au kubwa kuliko ya chini (imeji) endelea. Ikiwa ndogo hata kwa baiti moja, simama. Wa Windows nao wana namna yao, Win32 Disk Imager itakuonyesha sekta zinazotakiwa na zilizopo na kukuambia kama ile nafasi ya ziada ina data au haina, halafu inauliza uendelee tu au vipi. Watu wengi wakiona imesema haina data wanabonyeza endelea. Usibonyeze. Ni kweli pale mwishoni panaweza kuwa patupu, ila jedwali la partisheni bado linasema partisheni ya pili inaishia mbali kuliko kadi inapoishia, na kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) ikikuta mfumo wa faili mkubwa kuliko kifaa chenyewe inakataa kuufungua. Utaona kwenye skrini bad geometry, block count imezidi size of device, halafu panic, yaani mfumo unaganda. Umekesha bure.

Dawa rahisi ni kununua kadi kubwa zaidi, imeji ya 16GB weka kwenye 32GB na maisha yaendelee. Lakini kama ni usiku na kadi uliyonayo ni hiyo hiyo, au uko mahali ambapo kwenda mjini ni safari ya siku nzima, basi ipunguze imeji. Ipo skripti moja inaitwa PiShrink, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux:

wget https://raw.githubusercontent.com/Drewsif/PiShrink/master/pishrink.sh
chmod +x pishrink.sh
sudo ./pishrink.sh pi.img pi-ndogo.img

Weka hayo majina mawili, hili ni muhimu mno, manake ukiweka jina moja tu inapunguza imeji ile ile ya asili, na kama umeme ukikatika katikati basi bakapu yako pekee imekwenda. Inachofanya ni kukagua mfumo wa faili, kuubana mpaka karibu na data inapoishia, kurekebisha jedwali la partisheni, halafu kukata ule mkia mtupu. Imeji yangu ya GB 15.9 ilishuka ikawa kama GB 9 na kidogo, ikaingia kwenye kadi bila shida yoyote, na Pi ilipowaka mara ya kwanza ikajipanua yenyewe kujaza kadi nzima halafu ikajizima na kuwaka tena. Isipojipanua, ingia sudo raspi-config, Advanced Options, Expand Filesystem, kisha reboot.

Huna Linux? Tengeneza flashi ya Ubuntu ya kuwashia, washa laptopu kupitia hiyo flashi bila kuinstoo chochote, fanya kazi, rudi Windows yako. Angalia tu imeji uiweke kwenye hadidiski ya nje yenye nafasi ya kutosha mara mbili.

Je imeji yenyewe ni nzima?

Hapa wengi hatuangalii kwa sababu faili tunaliona lipo, lina jina, lina ikoni. Kuna jamaa aliniletea imeji yake kwenye flashi, anasema Pi inagoma, nikaangalia ukubwa nikakuta 4294967295. Ukiiona hiyo namba, au ukaona faili lina GB 4 kamili kamili wakati kadi ilikuwa ya 32GB, ujue flashi ilikuwa FAT32, na FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalozidi hapo. Ilikata tu ikaacha kipande. Hakuna programu ya kurudisha kilichobaki, hakikuwahi kuandikwa. Imeji kubwa hifadhi kwenye diski ya NTFS, exFAT au ext4.

Kama imeji imebanwa, ya gz, ijaribu kwanza bila kuifungua:

gzip -t pi.img.gz

Ikikaa kimya ni nzima. Ikisema unexpected end of file, ilikatika wakati wa kukopi au kudaunilodi, nenda kachukue tena kutoka ulikoitoa. Kisha angalia ndani ya imeji kuna nini:

fdisk -l pi.img

Unatakiwa uone mistari miwili ya partisheni, wa kwanza W95 FAT32 (LBA) ambayo ndo sehemu ya kuwashia, wa pili Linux ambayo ndo mfumo wenyewe na data zako. Ukiona hakuna mstari hata mmoja inawezekana siku ya kutoa bakapu uliandika /dev/sdb2 badala ya /dev/sdb, kwahiyo ulikopi partisheni ya pili peke yake. Data zako zipo, usilie, ila hiyo haiwezi kuwaka peke yake, unachukua kadi yenye Raspberry Pi OS mpya unahamishia mafaili humo.

Kuiandika

Kuna kosa moja nimeliona kwa watu wenye akili zao kabisa: wanakopi faili la pi.img na kulipesti kwenye kadi kama wanavyopesti wimbo. Pi haiwezi kusoma hivyo. Imeji inaandikwa juu ya kadi, sio ndani ya kadi, na ikishaandikwa huoni tena faili linaloitwa pi.img, unaona partisheni mpya. Kosa pacha lake ni kuandika kwenda /dev/sdb1, hapo umeitumbukiza kadi nzima ndani ya chumba kimoja cha kadi. Ni /dev/sdb, bila namba.

Toa kwanza partisheni kama kompyuta imezifungua yenyewe, kisha andika:

sudo umount /dev/sdb1 /dev/sdb2
sudo dd if=pi-ndogo.img of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress

Ile conv=fsync usiiache. Bila hiyo dd inaweza kukuonyesha imemaliza kwa sekunde arobaini na spidi ya megabaiti mia tatu, we unafurahi unachomoa kadi, kumbe data zilikuwa bado kwenye RAM zinasubiri zamu. Kadi rida ya USB 2.0 ikikimbia megabaiti 20 kwa sekunde, imeji ya 32GB inachukua dakika kama 27, kwahiyo ukiona imeisha kabla hujamaliza chai, jiulize.

Na hii nyingine inachanganya kweli kweli. Kadi ikicheza kwenye rida ikapotea, halafu we ukaandika dd kwenda /dev/sdb ambayo haipo, Linux haikatai, inatengeneza faili la kawaida lenye jina hilo ndani ya RAM, linajaa, na unapata ule ule ujumbe wa No space left on device wakati kadi haijaguswa kabisa. Ukihisi hivyo andika ls -l /dev/sdb, mstari ukianza na herufi b ni kifaa, ukianza na kistari ni faili tu, lifute kwa sudo rm, chomoa kadi na uichomeke upya. Angalia vizuri hiyo herufi kabla ya kufuta.

Wa Windows tumieni Raspberry Pi Imager, chagua Use custom mwisho kabisa wa orodha ya mifumo, onyesha imeji yako, na ikikuuliza kama unataka kuweka mipangilio ya jina na WiFi na nywila, jibu No. Ile ni kwa ajili ya mfumo mpya, bakapu yako ina mipangilio yake tayari na hutaki kitu kipite juu yake. Halafu ikimaliza, Windows itarusha kidirisha kinasema You need to format the disk in drive (herufi fulani) before you can use it. Hiki kidirisha kimeua bakapu nyingi kuliko umeme. Windows haijui kusoma ext4, mfumo wa faili wa Linux, ikiona partisheni ya pili inadhani ni takataka. Bonyeza Cancel, kila kinapotokea, hata kikija mara tatu.

Hatua ya kuhakiki nayo msiiruke jamani, Imager na balenaEtcher (programu nyingine ya kuandika imeji) zote zinasoma kadi upya na kulinganisha. Kwa dd unafanya mwenyewe, na kabla ya kulinganisha chomoa kadi uichomeke tena ili kompyuta isikusomee kumbukumbu za RAM:

sudo cmp -n $(stat -c %s pi-ndogo.img) pi-ndogo.img /dev/sdb

Kimya maana yake vinafanana mpaka baiti ya mwisho. Ikisema differ, isome ile namba ya baiti, iandike pembeni, rudia mara moja.

Kadi inapokuwa ndo mwongo

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kadi feki, juu imeandikwa 64GB ndani ina 8, na chipu yake imefundishwa kudanganya. Inakubali kuandikwa GB 64 zote bila kosa, ila ikipita ukubwa wake wa kweli inaandika hewani au inarudi kuandika juu ya mwanzo. Dalili yake ni kwamba kuandika kunafaulu na kuhakiki kunafeli. Zipime kabla ya kuzitumia, hata kama bei ilikuwa nzuri, hasa kama bei ilikuwa nzuri. Windows kuna H2testw, Linux kuna F3:

sudo apt install f3
sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb

Hiyo inafuta kilichomo, kwahiyo fanya kwenye kadi tupu. Inakwambia ukubwa wa kweli ni upi. Mi siku hizi kadi haiingii kwenye Pi ya shule kabla haijapita hapo, dakika chache tu.

Ya pili ni kadi iliyozeeka. Kadi ikichoka, mara nyingi chipu yake inajifunga isiandikwe tena, ila haisemi. Unaandika imeji, inasema imemaliza, unachomoa unachomeka, unakuta mafaili ya zamani yapo vile vile kama hujawahi kuigusa, unaformati na bado yapo. Usihangaike nayo, hiyo imestaafu, kopi kilichomo kwa haraka uiweke kando. Kabla hujaihukumu lakini, angalia kile kiswichi kidogo cha pembeni kwenye adapta ya SD, kikishuka kwenye Lock nayo inagoma kuandikwa, na jaribu adapta nyingine kabisa maana adapta za bure zinazokuja na kadi zinalegea. Ukitaka kujua nani mkosaji fungua terminali ya pili uandike sudo dmesg -w wakati unaandika. Ukiona mistari ya I/O error, dev sdb, sector fulani, badilisha kitu kimoja kimoja, rida kwanza, kisha poti, kisha kadi. Kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote kwa pamoja ikapona hutajua kilichokuwa kinaumwa, na kesho utakitumia tena.

Imeandikwa vizuri ila Pi haiwaki

Tazama taa. Taa nyekundu inawaka, ya kijani haijawaka kabisa: Pi haijaona kitu cha kuwashia, aidha kadi haijakaa vizuri au sehemu ya FAT32 haipo. Kwenye Pi 3 na za nyuma yake ya kijani inakonyeza kwa mpangilio, ikikonyeza mara 4 kisha ikapumzika, faili la start.elf halionekani, ikikonyeza mara 7 ni kerneli haionekani. Zote mbili zinaelekea kwenye partisheni ya kwanza, ichomeke kwenye kompyuta yoyote hata ya Windows uangalie kama hayo mafaili yapo. Pi 4 na Pi 5 ukiunganisha skrini zinakuandikia zenyewe zimekwama wapi, kwahiyo tafuta waya wa HDMI, usikisie.

Ukiona skrini ya rangi rangi kama upinde wa mvua ikaganda hapo, imeanza kusoma kadi ila kerneli haijashika. Hapo jiulize imeji ilitoka kwenye Pi gani. Pi 4 ilitoka Juni 2019 pamoja na toleo la mfumo linaloitwa Buster, imeji ya Stretch, toleo la kabla yake, uliyoitoa kwenye Pi 3 mwaka 2018 haiwezi kuiwasha hata uiflashi mara mia. Pi 5 nayo inataka toleo la Bookworm la 2023 kuja mbele. Imeji haina ubaya wowote, irudishe kwenye Pi ya zamani, isasishe huko, ndo uihamishe.

Ukipata maandishi mengi meupe yanaishia na hii:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(179,2)

au inakaa kwenye Waiting for root device PARTUUID na haiendelei, basi sehemu ya kwanza ni nzima na ya pili haipatikani. Ukiwa umeandika imeji nzima kwenye kadi inayotosha, hili halitokei kirahisi, kwa sababu kitambulisho cha diski kinakuja pamoja na imeji. Linatokea ukitengeneza partisheni mwenyewe kwa GParted halafu ukamwaga mafaili humo. Chomeka kadi kwenye Linux, andika sudo blkid /dev/sdb1 /dev/sdb2, soma PARTUUID (hicho kitambulisho cha kila partisheni), kisha fungua faili la cmdline.txt kwenye partisheni ya kwanza na faili la etc/fstab kwenye ya pili, hakikisha vinataja namba hiyo hiyo, yenye -01 kwa ya kwanza na -02 kwa ya pili. Na cmdline.txt ni mstari mmoja tu, hata uwe mrefu vipi, ukibonyeza Enter katikati umeongeza ugonjwa wa pili.

Ikisema tu mfumo wa faili una makosa, ukague ukiwa haujafunguliwa:

sudo e2fsck -f /dev/sdb2

Ikikwambia filesystem size na physical size of the device hazilingani ikauliza Abort, kubali iache. Hiyo ni ile ile habari ya ukubwa, rudi juu kwenye kupunguza imeji, usiilazimishe irekebishe maana inaweza kutupa mafaili yaliyokuwa mazima.

Na umeme wa Pi yenyewe msiusahau. Imeji nzuri na kadi nzuri kwenye chaja ya simu dhaifu inawaka nusu inazima, unadhani bakapu imefeli. Ikifanikiwa kuwaka andika vcgencmd get_throttled, ukipata throttled=0x0 umeme uko sawa, ukipata 0x50000 ilishawahi kupungukiwa tangu ilipowaka. Pi 4 inataka volti 5 na ampia 3, waya mrefu mwembamba unakula sehemu ya hiyo volti njiani.

Imeji ikiwa imeharibika kweli

Usitupe. Mara nyingi data bado zinatoka. Ifungue kama diski, kwa kusoma tu:

sudo losetup -r -fP --show pi.img
sudo mount -o ro,noload /dev/loop0p2 /mnt

Komandi ya kwanza inakujibu jina, kama ni loop0 au loop5 tumia hilo. Ikifunguka, nenda /mnt/home, kopi ulichokuja kukitafuta, kwa Kolibri ni folda la .kolibri ndani ya home ya yule mtumiaji (limefichwa, tumia ls -a), humo ndo kuna hifadhidata yenye majina ya wanafunzi na maendeleo yao. Masomo yenyewe yanaweza kupakuliwa upya, rekodi za mtoto aliyemaliza sura nane za hesabu hazipo kokote kwingine. Hizo toa kwanza kabla ya chochote. Kisha weka Raspberry Pi OS mpya, instoo Kolibri, rudisha folda.

Kama kadi ya zamani bado inasomeka kwa shida, usitumie dd kuitoa, inasimama kwenye sekta mbovu ya kwanza. Tumia ddrescue, kwenye Ubuntu inakuja kwa jina gddrescue:

sudo ddrescue -d /dev/sdb pi-okoa.img pi-okoa.map

Inaruka penye ubovu, inachukua kizuri chote kwanza, halafu inarudi kuhangaika na vipande vilivyobaki. Hata ukiikatiza, ile map inakumbuka ilipofika.

Ile seva ya shule iliwaka saa saba na robo usiku, kijani ikikonyeza bila mpangilio kama inavyotakiwa. Tangu siku ile bakapu natoa hivi: naizima Pi kabisa kwa sudo poweroff, natoa kadi, naikopi kwenye laptopu, sio kuikopi ikiwa inafanya kazi, manake ikiwa inafanya kazi hifadhidata inabadilika katikati ya kukopi na unapata nakala ambayo nusu ni ya saa nne nusu ni ya saa nne na robo. Naipitisha PiShrink hapo hapo. Napiga sha256sum (inatoa namba ya kuhakikisha faili halijabadilika) nahifadhi ile namba kwenye faili pembeni ya imeji. Halafu naiandika kwenye kadi ya pili siku hiyo hiyo, naichomeka kwenye Pi, nasubiri iwake, nafungua Kolibri kwa simu, naingia kama mwanafunzi mmoja niangalie alama zake zipo. Ikishawaka naitoa, naitia kwenye bahasha ndogo, juu naandika kwa kalamu ya wino tarehe, ni ya Pi ipi, na idadi ya sekta, na bahasha naigundisha kwa gundi ya karatasi ndani ya kabati ile ile inayokaa Pi, na mwalimu wa zamu anajua ipo.